Mawe ya Langoni

Mwanamke mmoja alikuwa na mwana mmoja tu, na vita vikamchukua. Mwanamke huyo aliitwa Tertula, mjane mwoka mikate katika kimji cha mlimani, si mbali na Roma, zamani zile Roma yenyewe ilipokuwa bado mji kati ya miji, haijapata dola wala majivuno ya dola. Mwanawe aliitwa Kaeso. Watu walikuwa wamezoea kumwita Mama Kaeso, na hata baada ya msiba hawakujua wamwiteje vinginevyo.

Adui alikuwa ametoka ng'ambo ya bahari, akavuka milima yenye theluji, akawapiga Warumi na wenzao, kisha akawapiga tena. Ndipo katika mji ule akainuka Numerio, mwana wa muuza nyama, kijana mwenye kifua kipana na ulimi mwepesi. Alisema vita hivi vingekwisha asubuhi moja tu kama angepatikana mwanamume wa kuviongoza. Wazee walimwonya asiteremke kupigana uwandani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii miguu iliyovunjika ilikuwa ya watoto wa watu. Mji mzima ulimshangilia siku anaondoka. Tertula naye alishangilia, akawaokea vijana mikate ya njiani. Nalisema hili mapema, kwa sababu baadaye kila mtu alidai siku ile alikuwa shambani.

Numerio alirudi mavuno yalipokwisha. Alionekana akipanda njia ya mlimani na watu wachache nyuma yake, wa kutosha kujaa gari moja la ng'ombe. Kaeso hakuwamo.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Aliyewaongoza watu vitani akashindwa, hakuingia mjini mpaka asimame nje ya lango, na wa kwanza kusema naye alikuwa yule aliyepoteza zaidi. Kabla huyo hajasema, mwingine hakufungua kinywa wala kuinua mkono. Akimlaani, watu walimpiga mawe. Akimpa mgongo, lango lilifungwa. Wapo waliopoteza wana wawili, lakini nyumbani walibaki na wengine. Tertula alikuwa amebaki na tanuri lake. Basi wote wakamtazama yeye.

Mawe hayakuwa ya kutafuta. Ukuta wa upande wa lango ulikuwa umebomoka tangu tetemeko la zamani, na kila mwaka watu walisema utajengwa mwakani. Tertula aliokota lake pale kwenye kifusi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alimchukia Numerio kwa moyo wake wote, na mimi simlaumu.

Walipokuwa wakiteremka kwenda langoni, jirani yake Mzee Opita, mshona viatu, alimsogelea. "Mama Kaeso," alimnong'oneza, "wenzetu wa ng'ambo ya mto wamemtundika kiongozi wao aliyeshindwa. Nasi tusionekane wanyonge."

Tertula aliujua mji huo, maana alikuwa akipeleka mikate huko. Alijua kwamba walipokwisha kumtundika yule, walitafuta mwingine wa kuwaongoza, na ghafla kila mwanamume mwenye akili akawa anaumwa mgongo. Alijua pia kwamba waliotumwa kupeleleza habari za adui walirudi na habari njema tu. Nani alitaka kupeleka mbaya?

Numerio alikuwa amesimama nje ya lango, upanga wake ameuweka chini. Hakutazama mawe. Alimtazama Tertula, midomo imemkauka. Pwani kulikuwa na meli, na baadhi ya wakubwa walioshindwa pamoja naye walikwisha kupanda wakaenda zao. Yeye alijua vizuri kinachomngoja, na bado alipanda mlima. Vijana waliokuwa nyuma yake walikuwa wamefungwa vidonda kwa vitambaa vyekundu, na Tertula akavitambua. Lilikuwa joho la Numerio, lile alilotoka nalo siku ya vigelegele. Alikuwa amelichana lote.

Jambo hilo halikumpoza hasira. Lilimfanya afikiri tu, ilhali yeye hakutaka kufikiri. Alitaka kujua mwanawe alikufaje, na chini ya mbingu aliyeweza kumweleza ni huyu. Akifa huyu leo, habari hiyo inakufa naye. Na mjini mlikuwa na vijana wengine, wanaokua, wanaokula mkate wake kila asubuhi. Watapelekwa uwanja ule ule, wapangwe vile vile, na mama zao waje kusimama hapa.

Watu wakaanza kuhangaika. Mwishowe Tertula akasema, "Mikate yao ya safari niliioka mimi. Mpeni maji anywe, kisha atueleze walivyotushinda."

Numerio alipiga magoti. Alikunywa, akajaribu kueleza, maneno yakamgomea. Tertula akasogea, akaweka jiwe lake mavumbini mbele yake, akasema, "Hili ndilo jeshi letu." Baada ya kitambo mtu mwingine akaweka la kwake, na mwingine, mpaka mbele ya Numerio kukawa na majeshi mawili ya mawe. Hapo aliweza. Aliwaonyesha jinsi alivyowabananisha vijana, safu nyuma ya safu, akitegemea uzito wao. Adui aliachia katikati, wao wakadhani anakimbia, wakazidi kuingia, na pande zote mbili zikawafunga. Walisongamana hata mkono usiweze kuinua upanga.

"Kaeso alikuwa mbele yangu, mama," alisema. "Hakugeuka."

Hapo ndipo Tertula alipolia kwa sauti, mara ya kwanza tangu habari za msiba zilipomfikia.

Kesho yake watu walirudi langoni, wakayaona yale mawe bado yamelala mavumbini, na hakuna aliyetaka kuyarudisha kwenye kifusi. Wakayajenga ukutani. Vijana waliofuata walifundishwa kuacha nafasi kati ya kundi na kundi, na aliyewafundisha alikuwa Numerio. Walishindwa tena, msidhani kujifunza ni dawa ya siku moja. Wakatoka tena langoni, wakauliza tena. Adui alipopanda mlima ule, alikuta ukuta mzima na watu wanaojua hila zake, akageuka. Mji wa ng'ambo ya mto aliuingia asubuhi, watu wakinywa uji.

Watu husema Warumi waliitawala dunia kwa sababu ya panga zao. Panga hata waliowapiga walikuwa nazo. Roma ilipigwa hadi vilio vikajaa kila nyumba, ikauliza imepigwaje, ikarudi. Kwamba baadaye nayo iliwaliza wengine, na iliwaliza sana, huo ni mfano wa siku nyingine.

Leo nakuuliza wewe. Aliyekutia hasara amesimama langoni, amerudi kwa miguu yake mwenyewe, na ukuta wako una tundu. Hilo jiwe ulilolishika, utaliweka wapi?