Kwa Nini Bibi Huuliza Jambo Lile Lile

Msicheke. Bibi yenu amewauliza mara tatu tangu asubuhi kama mmekula, na ya nne iko njiani. Kaeni vizuri, mpate kujua jambo hili lilianzia wapi.

Ulikuwapo wakati ambapo wazee hawakusahau kitu. Kadiri mtu alivyozeeka ndivyo kichwa chake kilivyozidi kujaa, na hakikuvuja. Bibi wa miaka themanini aliweza kukuambia mvua ya mwaka aliozaliwa ilianza siku gani, na ng'ombe wa jirani alizaa ndama wa rangi gani. Kwa sababu hiyo wazee wa wakati ule hawakuwa na subira hata chembe. Jambo walilisema mara moja tu. Mtoto akirudi kuuliza aliambiwa masikio yake yana nta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wakati huo, katika milima ya Upare, upande unaotazama nyika, alikuwako msichana aliyeitwa Nakiete. Kwao kila mtoto alipaswa kuyajua majani arobaini. Mvua ikikataa na mahindi yakikaukia shambani, watu waliishi kwa majani ya porini, na jani moja lililoingia chunguni kimakosa liliweza kumaliza nyumba nzima. Basi kila mwaka, baada ya mavuno, watoto waliofika umri waliitwa kwenye mwamba bapa. Mzee Sengondo, msimamizi wa siku hiyo, alitandika mkeka, akayapanga majani, na mtoto akataja jina la kila moja na kazi yake. Aliyeyajua alipewa kapu, akaanza kwenda kuchuma na wenzake. Aliyekosa alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Aliyekosa mara tatu hakupewa kapu tena maisha yake yote. Alikula alichochumiwa na wengine.

Nakiete alikuwa amekosa mara mbili. Wenzake walikuwa na makapu mgongoni, yeye akibaki uani na watoto wanaotambaa. Walimpa jina la Chekeche, kwa sababu kila kilichotiwa ndani kilipita.

Si kwamba hakufundishwa. Mama yake alimpenda sana, na kwa upendo huohuo alimharibia. Alingoja mpaka zibaki siku tatu, kisha akammiminia majani yote arobaini kwa mpigo, tangu jogoo la kwanza, mchi mkononi na sauti juu. "Mnafu. Sema. Mlenda. Sema tena." Mtoto alisema na kusema, hakula vizuri, hakulala. Alipopanda mwambani aliutazama ule mkeka akaona majani yote ni ya kijani tu.

Bibi yake, Namkunda, aliyaona hayo. Huyu ndiye aliyemfundisha hata Mzee Sengondo, na hakuna jani lililomshinda mlimani kote. Siku moja alimkuta mjukuu wake amejificha nyuma ya ghala, anafikicha jani mpaka linakuwa maji, huku akijiambia kwa sauti ndogo kuwa yeye ni mjinga. Bibi alisimama pale, na moyo ulimuuma. Alitaka kumwambia kitu, akaona maneno yameshasemwa mengi mno katika nyumba ile. Akaondoka.

Kesho yake alimwita Nakiete, akamwonyesha jani.

"Mama, hili linaitwaje? Limenitoka."

Nakiete alishtuka. "Wewe, Bibi? Limekutoka wewe?"

"Limenitoka kabisa. Nisaidie, ila usimwambie mtu."

Nakiete hakulijua. Lakini angewezaje kumwacha Bibi katika aibu ile? Alikimbia kwa mama yake akauliza, akarudi akihema. "Ni mgagani, Bibi. Ni mchungu. Unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa."

"Mgagani," Bibi alisema. "Kesho nikisahau utanikumbusha."

Na kesho yake akasahau. Nakiete akamkumbusha. Siku ya tatu Bibi akauliza la mgagani na jingine jipya. Kisha akaunyamazia mgagani siku tano nzima, na alipouulizia tena, jina lilikuwa limebakia pembeni kabisa mwa kichwa cha mtoto. Nakiete akakunja uso, akalitafuta. Bibi hakumsaidia wala hakumharakisha. Alikaa akisuka ukili wake mpaka jina likaja lenyewe.

Ikawa ndiyo kazi yao. Jani moja leo, mawili kesho, na ya zamani yakirudi kila mara pale yalipotaka kupotea. Nakiete akikosea, Bibi alisema tu, "Hebu twende tukalione," wakaenda mpaka linapoota. Mlenda ulikuwa karibu na chemchemi, pale Bibi alipoteleza akakaa matopeni. Ndulele ilikuwa kwenye ua ambako mbuzi alinasa pembe. Baada ya muda Nakiete hakuhitaji kwenda. Akilifikiria tope, mlenda ulikuja. Siku nyingine yeye ndiye aliyekuwa mkali. "Bibi, si nilikuambia juzi?" Bibi akainamisha kichwa na kuomba radhi.

Zilipobaki siku tatu kabla ya mtihani, mama alitokea na mchi wake. Bibi akamzuia mlangoni.

"Mwache ale, alale. Kilichoingia kimeingia."

Asubuhi ya mtihani Nakiete alipanda mwambani. Mzee Sengondo akanyanyua jani la kwanza, na kwa kitambo kidogo likawa kijani tu, kama zamani. Watoto wenye makapu wakaanza kunong'ona. Ndipo akaisikia sauti ya Bibi ikiuliza taratibu, limenitoka, hili linaitwaje, naye akajibu kama anayemjibu Bibi. Akaendelea hivyo mpaka la arobaini.

"Nani amekufundisha?" Mzee Sengondo akauliza.

"Hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa namfundisha Bibi."

Watu waliangua kicheko. Mama alimgeukia Bibi, na Bibi akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

Jioni ile Bibi alikiri. "Nilikudanganya, mjukuu wangu. Nilikuwa nayajua yote." Nakiete alicheka mpaka akashika mbavu, na kapu jipya hakulitua mpaka wakati wa kulala.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Bibi na mjukuu walishuka pamoja kuchuma. Walipofika bondeni, Bibi aliinama kwenye mmea wenye maua meupe marefu, akachuma majani konzi mbili, akayatia kapuni.

"Bibi, umeanza tena kujifanya umesahau," Nakiete alisema akicheka.

Bibi hakucheka. Alishika jani jingine, akaligeuza upande huu na huu. "Hili linaitwaje, mama?"

Nakiete alimtazama machoni. Safari hii Bibi alikuwa anauliza kweli. Huzuni ilimjaa. Maneno ya "si nilikuambia" yalimfika ulimini, akayarudisha, kwa sababu alikumbuka kwamba yeye hakuharakishwa hata siku moja. Akayatoa majani yote kapuni, akaifuta mikono ya Bibi kwa nguo yake, kidole kimoja kimoja.

"Huu ni mnanaha, Bibi. Hauliwi. Unaua."

"Mnanaha," Bibi alisema. "Kesho nikisahau utanikumbusha."

"Nitakukumbusha."

Enzi zile, mtu akitoa kitu kwa moyo wote, kilihama kweli. Namkunda aliyatoa majani yake moja moja, na kwa kila aliloliulizia, likabaki swali kwake na jibu kwa mtoto. Wazee wengine walipoona Chekeche amekuwa mchumaji hodari kuliko wote, nao wakaanza kuwauliza wajukuu zao. Walijua itakavyowagharimu, kwa kuwa walikuwa wanamwona Namkunda. Waliuliza hivyohivyo.

Na tangu siku hiyo wazee husahau, na huuliza jambo lile lile asubuhi na jioni. Na tangu siku hiyo mtoto anayekaribia mtihani humtafuta mtu wa nyumbani na kumfundisha alichofundishwa, kidogo kidogo, siku zikiwa bado nyingi.

Haya, huyo hapo anakuja. Atawauliza kama mmekula. Mjibuni vizuri, kana kwamba hajawahi kuuliza.