Ugonjwa Ulioitwa Hostile

Wapendwa, alikuwapo mpasua mbao mmoja huko milimani, tumwite Ambokile. Mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Jumanne moja gogo liliteleza kwenye jukwaa la kupasulia, likampiga tumboni. Wenzake wakambeba mpaka hospitali, mkewe akifuata nyuma na blanketi.

Wodini alikuwapo muuguzi mmoja tu. Sitaki mumchukie. Alikuwa kazini tangu alfajiri, peke yake, wagonjwa thelathini, na hakuwa ametia kitu tumboni. Akaja, akambonyeza Ambokile pale pale penye maumivu. Ambokile akapiga kelele, akausukuma mkono wake kwa nguvu. Trei ikaanguka, dawa zikamwagika, naye akatoa tusi ambalo sitalirudia mbele ya madhabahu.

Muuguzi aliokota trei, akafungua faili, akaandika maneno matatu ya Kiingereza. Hostile, yaani mwenye uadui. Aggressive, yaani mshari. Dangerous, yaani wa hatari. Je, aliishia kwenye faili? Hapana! Ili wenzake wa zamu nyingine wajihadhari, aliliandika tena lile neno la kwanza, kwa herufi kubwa, juu ya plasta, akaibandika kwenye chuma cha kitanda.

Mnaelewa kilichofuata? Jumatano daktari alipita. Akasoma plasta, akasimama miguuni pa kitanda, akamuuliza muuguzi wa zamu.

"Huyu ametulia?"

"Anapiga kelele tu, daktari. Anasema tumbo."

"Mchomeni sindano ya kumtuliza."

Wakamchoma. Akanyamaza. Wakasema ana nafuu.

Mkewe, Mama Tusekile, hakusoma sana. Alikaa kando ya kile kitanda akiitazama plasta, akamwomba mgonjwa wa jirani amsomee. Jirani naye ni darasa la saba kama wengi wetu, akasoma kwa silabi zetu: "Ho-sti-le." Mama akaitikia kwa kichwa. Kumbe ndilo jina la ugonjwa. Akalinakili kwenye karatasi herufi kwa herufi, akaikunja na kuifunga kwenye ncha ya kanga.

Alhamisi jioni alikimbilia kanisani kwenye maombi. Akasimama mbele ya watu, akafungua karatasi.

"Wapendwa, naomba mniombee mume wangu. Ana hostile. Wameiandika kitandani kwake. Sijui ni ya damu au ya tumbo, ila Mungu anaijua."

Kanisa zima likainama na kuikemea hostile imtoke. Wakalia. Wakaomba kweli kweli.

Katika benchi la tatu alikaa mwalimu wa sekondari. Kiingereza anakijua; ndicho anachofundisha. Mama alipopita na ile karatasi mkononi, mwalimu aliliona neno, akalielewa palepale. Angeweza kunyanyuka na kusema, "Mama, twende hospitali sasa hivi, kuna kosa." Lakini alifikiri, nitamwaibisha huyu mama mbele za watu. Akafikiri tena, huenda madaktari wana sababu yao. Akafumba macho, akaitikia amina pamoja na wengine.

Ijumaa asubuhi Ambokile alikufa. Mkono wa daktari ulipogusa tumbo lile kwa mara ya kwanza, uligusa tumbo la maiti. Lilikuwa gumu kama ubao, limejaa damu. Alikuwa akivuja kwa ndani tangu Jumanne, na tangu Jumanne alikuwa akisema.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama Tusekile alikwenda nyumbani kwa mwalimu.

"Mwalimu, wewe umesoma. Ile hostile iliyomuua baba, inarithiwa? Nataka watoto wapimwe mapema."

Mwalimu akatafuta pa kuweka macho yake.

"Mama, ule si ugonjwa. Waliandika kwamba... kwamba baba alikuwa adui."

Mama akaitoa ile karatasi kwenye ncha ya kanga, akaikunjua.

"Adui wa nani?"

Mwalimu akaichukua ile karatasi, akaikunja tena.

"Siku ile kanisani ulilielewa hilo neno?"

"Nililielewa."

Mama akanyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Ndugu zangu, habari imeishia hapo. Msitafute muujiza, haupo. Nawauliza tu: yule muuguzi, kama angetakiwa kuandika kwa lugha ya mama yake, "mtu huyu ni adui", mnadhani kalamu isingesita? Ingesita! Angemwona mtu mwenye mke na blanketi. Lakini neno la kigeni halina uso. Unalibandika kwa mwenzako, mkono wako unabaki safi, na unaonekana msomi.

Na sisi je? Siku hizi mkwe akisema ukweli, tunasema ni "toxic", yaani ana sumu. Kijana aliyefiwa akinuna darasani, tunamwandika "violent", yaani mtu wa vurugu, kwa kalamu nyekundu, tumemaliza. Nani amemuuliza panapomuuma? Na sisi tunaoelewa maneno hayo, tunaokaa benchi la tatu, tumeitikia amina mara ngapi?

Leo sitawaambia tuimbe kwa furaha. Kaeni kimya kidogo. Kila mmoja amtaje moyoni yule ambaye yeye mwenyewe alimbandika jina, ama alimwona amebandikwa naye akanyamaza. Kama yu hai, toka, nenda kwake sasa, hata kabla ya sadaka. Hatutakushangaa.

Na kama amekwisha kufa, ndugu yangu, nimetafuta wiki nzima neno la kukupa. Sikulipata.