Shamba la Ukingoni mwa Mkondo

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa taitai. Zume alisimama mlangoni, kitambaa kichwani na viatu vya plastiki miguuni, tayari kwenda pwani kwenye mwani wake. Akauliza, "Umeziona taitai zangu?" Mumewe, Mwalimu Ameir, alikuwa anatengeneza redio. Akamjibu bila kuinua macho, "Ziko dirishani." Zume akachukua fungu moja la vikamba vile vya kufungia mwani, akaacha la pili, akatoka. Adhuhuri walimrudisha amebebwa. Moyo, alisema daktari. Fungu la pili lilikaa dirishani masika yote, na kipupwe chote, mpaka vuli ikaingia, na hakuna mtu aliyeligusa.

Zume aliacha shamba, na wanawake watatu walilistahiki. Nakutoleeni kisa chao. Kisikilizeni hadi mwisho, maana mwishoni nitawaachia nyinyi mkate shauri.

Kijiji chenyewe kinaitwa Mwamba Mkuu, upande wa mashariki wa Unguja. Huko wanawake hulima baharini. Maji yakitoka, wao huingia na kamba zao na vigingi vyao. Yakirudi, wao hutoka. Watatu kati yao walilima jirani na Zume.

Wa kwanza ni Mize, na huyu jua halikuwahi kumshinda. Wenzake walikunja nyuso kwa mng'ao wa maji, yeye alitazama wazi kama mtu anayetazama ukuta. Akiwa ufukweni aliweza kukwambia yule aliyeinama kule mwisho kabisa ni nani, na kama ameamka na kisirani au hana.

Wa pili ni Kazija, mtu wa mwezi. Hakuwa na haja ya saa wala simu. Aliutazama mwezi jioni, akakwambia kesho maji yatatoka lini, yatafika wapi na yatarudi kwa njia gani. Wenzake walimtania kwamba hata mume alimkubali maji yalipokuwa yanajaa, kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia.

Wa tatu ni Bi Pili Vuai, mkubwa wao kwa umri na kwa mwili. Yeye aliijua ardhi. Alijua wapi chini ni mchanga mgumu, wapi ni tope, wapi kuna miba, na wapi fungu la mchanga limeinuka hata maji yakijaa unaweza kupita. "Mize macho yake yako usoni," alikuwa akisema. "Mimi yangu yako kwenye nyayo."

Sasa lile shamba. Lilikuwa ukingoni mwa mkondo, mahali bahari inaposhuka ghafla na maji hayaachi kuwa baridi. Kaskazi ikija, maji ya juu kule ufukweni hupata moto, mwani unakuwa mweupe, unakatika na kuoza, na wanawake hukaa miezi bila kazi. Shamba la Zume halikupata hasara hiyo. Lakini lilikuwa jembamba, safu moja tu ya vigingi ikiufuata mkondo. Ukilikata vipande viwili, mmoja anapata maji baridi na mwingine anapata mchanga.

Baada ya Zume kufa, shamba lilitunzwa na binti yake, Zuwena. Alikuja kutoka kwa mumewe, mjini Wete, ili akae na baba yake, na pia ajifungulie nyumbani. Ilikuwa mimba ya kwanza, na tumbo lilikwisha kuwa kubwa. Baba na binti hawakuzungumza sana. Walikula, wakaondoa vyombo, wakasikiliza redio iliyokuwa imetengenezwa nusu.

Siku moja kabla ya jua kupatwa, Zuwena alimwomba amweleze. Kijiji kizima kilikuwa na habari. Redio ilikwisha sema, na imamu alikwisha tangaza sala.

"Mama alisema uliwaeleza wanafunzi kwa chungwa," alisema.

"Chungwa ni dunia, ndimu ni mwezi, taa ni jua. Mama yako alilimenya chungwa kabla sijamaliza."

"Akasemaje?"

"Akasema, dunia yako tamu, mwalimu."

Zuwena akacheka kidogo. Ameir akamweleza bila chungwa. Mwezi unapita kati ya jua na dunia, na kivuli chake kinatuangukia. Hilo haliwezi kutokea ila mwezi unapokaribia kuandama, upo upande mmoja na jua. Na vikiwa upande mmoja, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja, ndiyo maana siku hizo ni za bamvua: maji yanatoka mbali sana, na yanarudi kwa nguvu.

"Na hili joto linaloanza, ni jua linatusogelea?"

"Hapana. Dunia imeinama. Inavyolizunguka jua, sasa ni zamu ya upande wetu kulielekea. Miale inatupiga utosini."

"Basi hiyo kesho, ni nani hasa atakayelifanya jua lipatwe? Mwezi?"

Ameir alifikiri. "Jua lisipowaka, hakuna cha kufunikwa. Mwezi usipopita, hakuna cha kufunika. Dunia isipokuwapo, kivuli hakina pa kuangukia. Huwezi kumtaja mmoja."

"Mama angesema unakwepa swali."

"Angesema hivyo."

Kisha Zuwena akataja neno moja la mama yake. Zume alimwambia, akiwa bado msichana, kwamba mwenye mimba jua likipatwa asikate kitu, asifunge kitu, asiinue mguu mpaka jua litimie lote, la sivyo mtoto atatoka na alama. Ameir hakuliamini neno hilo hata siku moja, na wakati wa uhai wa Zume walilibishania sana. Safari hii hakubisha. Alisema tu, "Basi kesho usiende pwani."

"Nitakwenda mapema, nifunge kamba mbili, nirudi kabla halijaanza."

Ameir alikuwa amechoka, akaenda kulala.

Asubuhi yake maji yalitoka mpaka vigingi vya mwisho vikawa wazi. Zuwena alikwenda mapema kama alivyosema. Lakini kamba moja ilikuwa imejisokota kwenye kigingi, akashughulika nayo, na alipoinua kichwa mwanga ulikuwa umekwisha badilika. Akaiachia kamba. Akakunja mikono kifuani, akasimama pale pale, ukingoni mwa mkondo, kama alivyoambiwa na mama yake.

Wanaume walikuwa msikitini wakisali, na Ameir akiwamo. Wanawake walitoka baharini wakakusanyika ufukweni, wengine wakipiga madebe. Jua likafunikwa lote, kuku wakaingia bandani, kisha ukingo mmoja ukaanza kung'aa tena. Jua kutimia kungechukua muda mrefu, na maji hayangesubiri. Kila mmoja aliamini Zuwena yuko na mwenzake.

Ni Mize aliyemwona. Mwanga ulikuwa wa kijivu, bahari na mbingu zimeshikana rangi, na wengine walipotazama kule waliona vigingi tu. Mize akasema, "Kile kigingi cha mwisho kina tumbo." Wakamwambia aache mzaha. Akasema, "Sifanyi mzaha. Ni Zuwena, na hasogei." Kama si Mize, hakuna ambaye angejua kwamba kuna mtu wa kuokolewa.

Ni Kazija aliyewazuia. Vijana wa kike watatu walikwisha pandisha kanga wakimbilie moja kwa moja. Kazija akawashika. "Kuna mkono wa mkondo unapita nyuma yake, kati yetu na yeye," alisema. "Maji ya bamvua huanza kujaa huko. Mkipita hapa mtachukuliwa nyinyi, na yeye atabaki. Zungukeni kusini. Mtu awe amemfikia kabla maji hayajagusa yale mawe meusi; yakishagusa, asiingie mtu." Kama si Kazija, ingebidi waokolewe watu wanne badala ya mmoja, au asiokolewe yeyote.

Ni Bi Pili aliyekwenda. Kuzunguka kusini ni kupita penye miba na mashimo, na maji yalikwisha anza kuufunika mchanga. Macho hayakuwa na kazi tena. Bi Pili alivua viatu vyake na kupapasa kwa nyayo. Akalipata lile fungu la mchanga, akalifuata mpaka likamtoa ukingoni mwa mkondo. Maji yalikuwa yamemfika Zuwena mapajani.

"Twende, mwanangu."

"Siwezi, Bi Pili. Halijatimia."

"Maji yatatimia kwanza."

"Mama kasema nisiinue mguu."

Bi Pili akamtazama. Alimjua Zume kwa miaka mingi, na alijua kwamba neno la Zume halivunjwi kwa makelele. "Sawa," akasema. "Usiinue. Lala chali juu ya maji, mimi nitakuvuta. Mama yako nami tumekokota magunia mazito kuliko wewe."

Zuwena akalala. Bi Pili akamshika chini ya makwapa, akamvuta kinyumenyume juu ya fungu la mchanga, akitafuta njia kwa visigino. Walipofika ufukweni, jua lilikuwa bado na kipande kilichokosekana. Hakuna aliyemwambia Zuwena asimame. Walimwacha amelala kwenye mchanga mpaka likatimia.

Ameir alifika mbio kutoka msikitini. Alimkuta binti yake anapewa maji. Alikaa chini karibu naye.

Alasiri ile wale watatu walikuja barazani kwake. Pana desturi Mwamba Mkuu kuhusu shamba la aliyekufa: haliuzwi. Nyumba ya marehemu humpa mtu aliyeitendea wema, naye hukabidhiwa fungu la taitai za marehemu mwenyewe, mkononi, palepale shambani, siku za bamvua wakati vigingi viko wazi. Akishazipokea, limekwisha. Zuwena hangerudi tena baharini, na akishajifungua angerudi Wete. Bamvua ilibaki siku chache. Kaskazi ilikuwa inabisha hodi.

"Mwalimu, mimi sina maneno mengi," alisema Mize. "Ningenyamaza, mngekuwa msibani sasa hivi."

"Hujawahi kunyamaza hata siku moja," alisema Bi Pili. "Usijisifu kwa ugonjwa wako."

"Afadhali ugonjwa wa mdomo kuliko wa magoti. Jana ulisema huwezi kwenda dukani."

"Dukani hakuna mtu aliyekuwa anazama."

Kazija alingoja wamalize. "Mize alimwona, sawa. Kuona peke yake kungewaua wale wasichana. Na Bi Pili angepita wapi, kama sikumwambia?"

"Ningepita nilikopita," alisema Bi Pili.

"Ungepita moja kwa moja. Ulikwisha geuka uelekee huko."

Ilikuwa kweli, na Bi Pili alijua. Kisha akasema, taratibu, "Lakini nyinyi wawili mlikuwa mmesimama pakavu."

Hawakuwa wanawake wenye tamaa. Kila mmoja wao, kaskazi iliyopita, alikuwa ameuona mwani wake unageuka mweupe na kuondoka na maji, na kila mmoja alilia alipomwosha Zume. Mize ndiye aliyesema, "Mwalimu, wewe umesoma. Tuamulie."

Ameir aliwatazama mmoja mmoja. Alitafuta yupi anayeweza kuondolewa katika kisa kile na binti yake akabaki hai, na hakumpata. Alijaribu pia kufikiri Zume angemtaja nani. Aliisikia vizuri sauti yake ikiuliza zilipo taitai, na baada ya hapo haikusema kitu.

"Nitajibu kesho, shambani," akasema.

"Kesho maji yatachelewa kidogo kuliko leo," alisema Kazija. "Usije mapema ukangoja."

"Na ufuate upande wa kusini," alisema Bi Pili.

"Atafuata," alisema Mize. "Nitakuwa namtazama."

Wakaondoka. Zuwena, ambaye alikuwa amesikia yote akiwa ndani, akatoka mlangoni. "Baba, utampa nani?"

"Sijui."

"Safari hii hukwepi?"

"Safari hii sijui kweli."

Asubuhi yake Mwalimu Ameir alikunywa chai, akaosha kikombe chake, akaosha na cha binti yake. Kisha akaenda dirishani, akalichukua lile fungu la taitai. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, na vumbi lilibaki pale lilipokuwa limekaa, kwa umbo lake. Akavaa viatu vya plastiki vya Zume, ambavyo vilimbana, akaingia baharini. Alifuata upande wa kusini. Alifika ukingoni mwa mkondo maji yalipokuwa yamesimama, hayatoki wala hayaji. Aliikuta ile kamba iliyojisokota, akaifungua, akaifunga kwenye kigingi chake, si vizuri sana.

Walikuja wote watatu wakasimama mbele yake. Jua lilikuwa zima juu yao. Mwezi ulikuwapo mahali fulani karibu nalo, hauonekani. Ameir akahisi ubaridi vifundoni, akatazama chini. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Mikono mitatu ikanyooshwa kwa wakati mmoja. Fungu lilikuwa moja, na lilikuwa la Zume. Ameir akaunyoosha mkono wake akalikabidhi.

Alilikabidhi katika mkono wa nani, hilo silisemi. Mize alimwona, Kazija alijua njia, Bi Pili alimfikia. Wewe unayesikiliza, fanya kama fungu lile liko mkononi mwako, na maji yamekwisha fika vifundoni. Je, ungempa nani?