Komeo la Godriki

Hata mfalme hupiga hodi. Ndivyo shangazi yenu Riziki alivyomwambia baba yenu asubuhi hii, alipovamia chumba cha wasichana, eti nyumba ni yake. Mkacheka, kisha mkaja hapa jikoni kuniuliza ni mfalme gani huyo. Basi menyeni viazi, nami nitawapa chanzo chake kama nilivyosimuliwa na marehemu babu yenu. Wenye vitabu vyao na wabishe.

Hapo kale, huko kwa Waingereza, mfalme alikuwa ndiye kila kitu. Akisema mvua inanyesha, watu walianua nguo hata kama jua linawaka. Wafugaji wa kondoo na mafundi walikuwa na ukumbi wao wa kukutana, lakini haukuwa na mlango. Mfalme alikataza. Alitaka aingie apendapo, asikie nani anasema nini.

Siku moja mzee Wulfu alisimama humo akasema kwamba sufu inayochukuliwa na mfalme imezidi. Mfalme aliingia juu ya farasi, Wulfu akaburutwa nje, asionekane tena. Mwanawe Godriki, seremala, alikuwa ameketi karibu naye na hakuweza kumsaidia. Mimi hapo huwa naumia kila nikisimulia.

Lakini wafalme wanapenda vita, na majeshi ya kule kwenye baridi hayatembei bila sufu. Mfalme alipopungukiwa, wazee hawakugombana naye. Walimwambia, "Sufu utapata, ila turuhusu tutundike pazia. Upepo unatuua." Mfalme akacheka. Pazia ni nini? Akakubali.

Akafa, akatawala mwanawe, naye akawa na vita vyake. Huyo aliombwa mlango usio na komeo, akatia muhuri. Kisha akaja mjukuu, mwenye papara kuliko wote wawili. Godriki, sasa kichwa cheupe kama sufu yenyewe, alimwomba kipande kimoja tu cha mti, urefu wa mkono, kikae nyuma ya mlango. Mjukuu akatia muhuri huku akitazama farasi wake dirishani. Godriki akachonga komeo, akalipachika kwa ndani.

Mwaka uliofuata mfalme alitaka sufu maradufu. Godriki akasimama pale pale aliposimama baba yake, akasema, "Hapana."

Mfalme hakungoja kesho. Alifika na askari arobaini, mvua ikiwanyeshea. Akausukuma mlango, ukagoma.

"Fungueni! Namtaka Godriki!"

"Nipo," Godriki akajibu kutoka ndani. Msidhani hakuogopa.

"Nitauvunja mlango huu!"

"Utavunjika, mfalme, ni mti tu. Lakini umetia muhuri wako, na ukivunja neno lako leo, kesho nani atakuletea sufu? Kondoo wametawanyika malishoni nchi nzima. Utamvizia kila mmoja?"

Mfalme akawageukia askari. "Leteni mashoka!"

Hakuna aliyesogea. Wale askari walikuwa watoto wa wachungaji, na baba zao walikuwa mle ndani. Mmoja aliliweka shoka lake chini, taratibu, kwenye matope. Wenzake wakafuata.

Mfalme akabaki peke yake, maji yakimchuruzika puani. Kisha akakunja kidole akagonga, ko, ko, ko. Waingereza hugonga tu, lakini kwa Kiswahili chetu hiyo ni hodi.

"Nani?" akauliza Godriki.

"Mimi. Mfalme."

"Umekuja kukamata au kuomba?"

Mvua ikaendelea.

"Kuomba," akasema mfalme.

"Upanga je?"

Wakasikia chuma kikianguka kwenye jiwe. Ndipo Godriki akalivuta komeo kwa mikono yake miwili ya kizee, akasema, "Karibu ndani, mfalme wetu. Keti, tuzungumze."

Ukumbi mzima ulilipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana, wengine wakalia, na Godriki akalitaja jina la baba yake kwa sauti, mbele ya mfalme, wala hakuna aliyemgusa. Tangu siku hiyo hakuna mfalme aliyeingia mle bila kugonga kwanza.

Nyamazeni kidogo. Mnasikia huko mlangoni? Ni baba yenu huyo, anakohoa na kugonga, na hili ni jiko la mama yake. Msimcheke. Mwambieni karibu, apewe kiti na kisu amenye viazi. Hata mfalme hupiga hodi.