Fisi Aliyefika Kabla ya Kuondoka

Mwaka ule jua lilikausha kila kitu, hata chura akasahau kuogelea. Mbuga nzima ikabaki na dimbwi moja dogo. Simba, na majivuno yake, akatangaza kwamba mwenye mbio kuliko wote ndiye atakayekunywa kwanza.

"Na mwenyewe ni mimi," akaongeza. "Ngurumo yangu hufika kabla yangu."

"Kweli, Mfalme," akasema Sungura, "ila sisi tulio mbali huona kwanza mdomo ukifunguka, ndipo ngurumo inafuata. Mwanga unakutangulia. Hakuna kinachoupita. Huu unaotuchoma umetoka juani dakika nane tu zilizopita."

Simba akanuna. Fisi akaangua kicheko. Jua liko umbali gani, hakuuliza. Alichojua ni kwamba katika dakika nane yeye humaliza mbuzi mzima na kulamba kwato.

"Mvivu mkubwa huo mwanga," akasema. "Nitaushinda, na dimbwi liwe langu peke yangu."

"Ukishindwa, unakunywa wa mwisho," akasema Sungura.

Wakakubaliana. Sungura angeweka kipande cha kioo kilimani, kikitazama dimbwi, na kukifunika kwa ungo. Akifunua, mwanga uondoke na Fisi aondoke. Simba angengoja dimbwini aone nani anatangulia.

Nyumbani, Fisi akamwambia mkewe, "Mama watoto, kilimani utasimama wewe. Kwa mbali nani atatutofautisha? Mimi nitajificha kichakani karibu na maji. Nikiuona mwanga tu, natokeza."

"Ukiuona, si utakuwa umeshafika?"

Fisi akakuna kichwa. "Basi natokeza kabla sijauona."

Siku ya siku, Fisi akajibanza kichakani, koo kavu, harufu ya maji ikimwingia puani. Akangoja kidogo. Kungoja, tuseme ukweli, hakuumbiwa. Akachomoka na kuinamisha kichwa majini.

Simba akamwekea kucha shingoni. "Pole na safari. Umetoka wapi?"

"Kilimani, Mfalme. Mwanga nimeuacha nyuma huko, unahema."

"Sungura amefunua saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Simba akatazama kilimani. Hakukuwa na mmweko wowote. Sungura alikuwa amesimama na ungo wake, na pembeni yake fisi anajikuna mbavu.

"Na yule ni nani?"

Fisi akatazama, akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Yule," akasema taratibu, "ni mimi, kabla sijaondoka."

Hapo Sungura akafunua, na mwanga ukampiga Simba machoni papo hapo. Baada ya muda mrefu mke wa Fisi akawasili, ulimi nje. "Baba watoto, umenibakizia maji?"

Wanyama walipanga foleni, Fisi nyuma ya konokono. Zamu yake ilipofika, alilamba tope, kwa aibu na kwa kiu.

Tangu hapo, mbugani ukijisifu kwamba umefika, huulizwa kwanza uliondoka lini.