Shimo Lililovimbiwa Katika Mji wa Nyota

Hapo zamani za kale, wanangu, jua letu lilipokuwa halijawaka, wanyama waliishi juu mbinguni katika mji wa nyota. Kila mtoto alipozaliwa, Bi Kifaru alichota ukungu wa baridi, akaufinyanga, akaupuliza. Puu! Nyota ya mtoto ikawaka.

Katikati ya mji palikuwa na Shimo Jeusi. Kilichotumbukia humo hakikutoka tena, hata mwanga. Lakini Shimo lilipokuwa likila, mdomoni pake palichemka na kung'aa.

Jirani yake alikuwa Nguchiro, mdogo, mwepesi, mvivu kupindukia. Alipenda kuota joto lile bila kuhangaika na kuni. Basi akamwendea Tembo.

"Shikamoo, Mjomba! Kumbe hujui? Shimo ndilo tumbo la mji. Lilishe ukungu, mji utakua."

"Wee! Kweli?"

"Jaribu uone!"

Tembo akaburuta ukungu, buru buru, mpaka katikati. Mwingine ulimwagika njiani, ukajikunja, ukawaka nyota. Shimo likanenepa, na mji nao ukanenepa. Wanyama wakapiga vigelegele, wakaburuta zaidi. Nguchiro akajinyoosha mlangoni kwake, tumbo juu, akiota joto.

Bi Kifaru hakushangilia. Alikuwa na mimba.

"Nguchiro mwanangu, ukungu wa mtoto wangu utabaki kweli?"

"Ondoa shaka, Shangazi! Shimo likishiba litalala."

Alisema tu. Hakujua.

Siku moja Shimo likavimbiwa. Ngurrr! Chakula kilichojaa mdomoni kikashindwa kupita, kikageuka upepo wa moto. Fuuuu! Ukafagia ukungu wote, ukautupa nje ya mji, mbali, kusikofikika.

Asubuhi ile ile Bi Kifaru akajifungua binti. Akachota ukungu. Patupu. Akachota tena. Patupu. Akaupuliza huo utupu, akapuliza, mpaka pumzi ikamwishia.

Tembo akamgeukia Nguchiro. "Nani alikwambia Shimo ni tumbo la mji?"

"Hakuna, Mjomba. Nilitaka joto tu."

Tembo akainua mguu amponde. Mguu ukaning'inia hewani.

"Nikikuua, ukungu utarudi?"

"Hautarudi."

Tembo akaushusha mguu taratibu, akaketi, akalia.

Tangu hapo hakuna nyota mpya iliyowashwa. Za zamani zikageuka nyekundu, kama makaa yanayozimika. Shimo nalo, kwa kukosa cha kula, likanyamaza, baridi, jeusi. Bi Kifaru akampakata binti yake, akamwimbia. Mtoto akaangaza macho huku na huku, akitafuta nyota yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Wanangu, uongo mdogo ukilisha tumbo kubwa, wanaolala njaa ni watoto.