Mwalimu Aliyemnyima Nahodha Usukani

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, siku moja kabla ya kufika Shelisheli, Mwalimu Wakesho Mghoi alimkatalia mwenye boti usukani wa boti yake mwenyewe.

Boti iliitwa Tausi. Ilikuwa boti ya matanga, mali ya Nahodha Shekue, mhandisi mstaafu wa Lamu aliyevuka bahari kila mwaka. Nahodha hakuajiri mabaharia. Alichukua watu waliochangia gharama za safari na kufanya kazi zote za chomboni.

"Hapa hulipii kubebwa," alimwambia kila mmoja kabla ya kumwonyesha kitanda. "Unalipia zamu."

Safari hiyo walikuwa watatu: Elisante, daktari wa mifugo kutoka Machame, Bikombo, mshona mapazia kutoka Pemba, na Wakesho, mama aliyestaafu ualimu wa jiografia mjini Voi.

Wakesho alikuwa amechora Bahari ya Hindi ubaoni kwa chaki ya buluu tangu ujana wake. Mwaka wake wa mwisho kazini, mwanafunzi mmoja alimuuliza, "Mwalimu, umewahi kuivuka?" Darasa lilicheka. Yeye pia alicheka. Alipostaafu alitaka jambo moja tu: kuivuka yote, kutoka ukingo huu hadi ule.

Tausi ingetoka Mtwapa hadi Shelisheli, ipumzike, kisha iendelee hadi Maldivi. Nafasi ya Wakesho katika kipande cha pili ilitegemea neno la Nahodha. Akiridhika naye, angeendelea. Asiporidhika, angeshuka Shelisheli na kurudi nyumbani kwa ndege.

Usukani wa Tausi ulikuwa na kanuni moja, na aliyeiweka ni Nahodha mwenyewe. Anayemaliza zamu hutaja mwelekeo wa dira. Anayeingia huurudia kwa sauti. Akiurudia sawasawa, yule wa kwanza husema, "Umepokea," ndipo huachia mikono. Asiyerudia hapewi.

"Hata nikiwa mimi," alisema Nahodha siku walipong'oa nanga. Wote walicheka.

Kabla hawajafika nusu ya njia, mtambo wa kushika usukani bila mtu uliharibika. Kuanzia hapo ilibidi mtu ashike kwa mikono mchana na usiku. Watu wanne wangeweza kugawana kazi hiyo bila shida, lakini Nahodha hakuwaamini. Elisante akishika, Nahodha alikaa pembeni yake. Bikombo akishika, Nahodha alimpokonya kabla ya zamu kwisha. Alilala kidogo, kisha akaacha kulala kabisa.

"Nahodha, kalale," Bikombo alimwambia. "Umekuwa kama pweza aliyekwisha pigwa mwambani."

"Nikilala mtanipeleka Somalia."

"Basi utaamkia huko umepumzika."

Nahodha hakucheka.

Jumanne asubuhi Nahodha mwenyewe aliamuru mwelekeo ubadilishwe. Tangu jana yake walikuwa wakienda digrii mia na kumi za dira. Sasa aliwataka washike themanini na tano, ili wapite kaskazini ya miamba. Aliwaonyesha kwenye ramani kwa kidole gumba.

"Huku kusini ni mawe," alisema. "Boti haina kwato. Sivyo, daktari?"

"Ingekuwa nazo ningezikata," alisema Elisante.

Alasiri ilikuwa zamu ya Wakesho. Nahodha alipanda kutoka chini, akashika nguzo ya tanga kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine.

"Toka, nishike."

"Themanini na tano, Nahodha."

"Haya. Lete."

"Rudia."

"Mia na kumi."

Wakesho hakuachia. "Themanini na tano," alisema tena.

"Nimesikia. Mia na kumi. Lete usukani."

"Hiyo ni ya jana, Nahodha. Umeibadilisha mwenyewe asubuhi."

"Mwalimu, hii boti ya nani?"

"Yako."

"Na usukani?"

"Wako. Na kanuni ni yako pia."

"Hapa si darasani!"

"Lingekuwa darasa ningekuambia ukae chini. Hapa nakuomba ukalale."

Nahodha aliweka mkono kwenye usukani. Wakesho alikuwa na mikono miwili juu yake, akaubana. Boti iliyumba kidogo, tanga likapiga kofi, kisha ikarudi katika mwelekeo wake.

"Elisante!" Nahodha aliita. "Mtoe huyu hapa."

Elisante aliitazama dira, akamtazama Nahodha, akamtazama Wakesho.

"Nimeshika fahali wengi, Nahodha," alisema. "Huyu simwezi."

"Mnaniasi kwenye chombo changu?"

"Tunakungoja urudie," alisema Wakesho. "Sema themanini na tano, nitaachia sasa hivi."

Nahodha hakuondoa mkono. Alikuwa amekwisha sema mia na kumi mara mbili mbele ya watu, na sasa hakutaka kusema kingine.

"Tukifika Shelisheli utashuka," alisema. "Maldivi usahau."

"Nitashuka," alijibu Wakesho. "Lakini tutafika."

Bikombo alimshika Nahodha kiwiko. "Njoo ukae, Nahodha. Hata mwenye nyumba hubisha hodi."

Nahodha alikaa kwenye benchi mkabala na usukani, akakunja mikono. Alisema atangoja hapo hapo hadi Wakesho achoke. Muda mfupi baadaye kidevu chake kilikuwa kifuani na alikuwa anakoroma.

Jua likiwa bado juu, Elisante aliona weupe upande wa kulia. Lilikuwa povu. Mawimbi yalikuwa yanavunjika juu ya mwamba, mstari mrefu, mahali ambapo mwelekeo wa mia na kumi ungewapeleka. Waliupita kwa mbali. Bikombo alimshukuru Mungu, akateremka kupika wali.

Nahodha aliamka weupe ule ukiwa bado unaonekana. Aliutazama. Kisha akasimama karibu na usukani.

"Mwelekeo?"

"Themanini na tano."

"Themanini na tano."

"Umepokea," alisema Wakesho, akaachia.

Jumatano walifunga kamba Shelisheli.

Jioni hiyo manahodha wa boti za matanga walikuwa wakila pamoja kwenye mgahawa wa bandarini. Nahodha Shekue aliomba nafasi ya kuzungumza. Aliwasimulia yote: zamu, dira, ubishi, miamba. Mwisho akamwelekeza mkono Wakesho.

"Nilitaka kujua kama mwalimu huyu ana uti wa mgongo," alisema. "Nikamtajia mwelekeo wa uongo, makusudi, nikitazama dira kwa jicho la pembeni. Nilikuwa namjaribu. Mwalimu, umefaulu. Maldivi tunakwenda sote!"

Meza zote zilipiga makofi.

Wengi wanaoisambaza hadithi hii huikatia hapo. Mzee mwenye hekima, mtihani, makofi. Ukiipokea ikiwa imeishia hapo, mrudishie aliyekutumia. Haikuishia hapo.

Wakesho alisimama.

"Hukunijaribu, Nahodha. Ulikuwa umechoka, ukakosea."

Vijiko vilitulia. Nahodha alitabasamu kwa ajili ya watu, akamshika Wakesho mkono, akamtoa nje.

"Una wazimu?" alimuuliza. "Nimekupa heshima mbele ya manahodha wote."

"Umejipa wewe."

"Nani anaumia? Wewe unapata safari yako, mimi nabaki na jina langu. Ungenyamaza tu."

"Kesho mtu atakuwa kwenye usukani wa boti nyingine," alisema Wakesho. "Nahodha wake atakosea. Yule mtu atakumbuka hadithi yako. Atasema, ah, huyu ananijaribu, anajua anachofanya. Atabaki anangoja mwisho mzuri mpaka wapande mwamba."

"Hiyo ni hadithi tu, Mwalimu."

"Ndiyo maana isiwe ya uongo."

Nahodha alimtazama. "Rudi ndani, uwaambie ulikuwa unatania. La sivyo, kachukue mzigo wako."

Wakesho alikwenda kuchukua mzigo wake.

Bikombo alimfuata hadi gatini, amembebea viatu alivyosahau. "Shoga, si ungekubali tu! Ungemsuta tukishafika Maldivi."

"Nikikubali leo, Maldivi nitamsuta kwa lipi?"

"Kiburi hicho."

"Kinatosha kunibeba. Nipe viatu."

Siku zilizofuata Wakesho alipita boti moja hadi nyingine akiomba nafasi ya kuvuka. Wa kwanza alimuuliza kama ndiye yule mwalimu mwasi, akafunga mlango kabla hajajibiwa. Wa pili alisema boti imejaa, na vitanda vitupu vilionekana dirishani. Wa tatu alimshauri akamwombe Shekue msamaha, kwa kuwa bandari ni ndogo na manahodha wote ni ndugu.

"Nitamwomba msamaha siku nitakayomkosea," alisema Wakesho.

Majira ya kuvuka yalikuwa yanakwisha. Boti zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na ndege ilikuwa ya Jumapili.

Ijumaa alifika kwenye boti ya mwisho gatini. Mwenyewe alikuwa Nahodha Somoe, mwanamke wa Mikindani aliyekuwa amevaa ovaroli yenye madoa ya rangi, anapiga brashi ubavu wa boti. Hakugeuka.

"Wewe ndiye uliyemnyima Shekue usukani?"

Wakesho aliweka mzigo chini. Alikuwa amechoka kulizunguka swali hilo.

"Ndiye mimi."

"Alikuwa anakujaribu?"

"Hapana. Alikosea."

"Mbona yeye anasema alikujaribu?"

"Muulize yeye."

"Na kama kweli angekuwa anakujaribu, ungefanya nini?"

"Vilevile."

Somoe aligeuka, brashi mkononi. "Na mimi je? Nikisahau mwelekeo, utaninyima boti yangu?"

"Nitakunyima."

"Nikipiga kelele?"

"Utapiga ukiwa umekaa."

Somoe alichovya brashi kwenye kopo, akamalizia kipande kilichobaki.

"Tunang'oa nanga kesho kwenda Maldivi," alisema. "Nilikuwa nakutafuta tangu Alhamisi. Nina mabaharia wawili hodari sana, na wote huniambia ndiyo. Panda, lakini usikanyage rangi."

Jumamosi asubuhi injini ya boti ya Somoe ilikuwa inanguruma na Wakesho alikuwa amewekwa kwenye usukani. Kamba moja ilikuwa bado imefungwa gatini. Aliyekuja kuifungua ni Nahodha Shekue.

Hakuna aliyemwita. Alikuja peke yake, amenyoa, macho yake hayakuwa tena mekundu. Elisante na Bikombo walisimama kwenye sitaha ya Tausi wakitazama. Manahodha wengine waliokuwa wakinywa chai kwenye baraza ya mgahawa waliweka vikombe chini.

Nahodha Shekue aliifungua kamba, akaikunja vizuri, akabaki ameishika.

"Mwalimu," aliita, kwa sauti iliyofika barazani. "Ile Jumanne."

"Naam, Nahodha."

"Themanini na tano."



"Umepokea," alisema Wakesho.

Nahodha Shekue aliirusha kamba botini. Boti ilitoka bandarini saa mbili asubuhi, Wakesho akiwa kwenye usukani.

Funzo: Kanuni isiyomgusa aliyeiweka si kanuni. Na kosa lililopewa jina la mtihani halimfundishi mtu. Litarudi, na safari hiyo huenda kusiwe na mtu wa kusema hapana.